Kidato na Kumbi: Historia ya Kuwapima Vijana katika Shule za Sekondari

Mnazi ukiwa mrefu, mkwezi hukata vidato katika shina lake, mguu upate mahali pa kukanyaga. Kila kidato ki juu kuliko kilichotangulia, na mtu aliye chini aweza kuvihesabu akajua mwenziwe amefika wapi. Neno hilo la wakwezi ndilo lililochukuliwa kuitaja daraja ya shule ya sekondari, tukasema kidato cha kwanza, kidato cha pili, hata cha sita. Ni neno lililochaguliwa vema, maana ladhihirisha kupanda, na taabu ya kupanda, na hatari yake. Walakini liko jambo moja ambalo mnazi haulifanyi na shule hulifanya. Mkwezi akishuka katikati ya mti hubaki mkwezi, na jioni hula pamoja na wenzake. Mwanafunzi akishuka katikati, aitwe nani? Amekwisha kuuacha utoto, wala hakupewa jina la utu uzima.

Swali hilo ndilo shina la makala haya. Nataka kueleza jinsi shule za sekondari katika nchi iitwayo leo Tanzania Bara zilivyopima maendeleo ya vijana tangu siku za Waingereza, na jinsi zilivyojaribu kuwaandaa wawe watu wazima. Na kwa kuwa shule haikuanza katika nchi tupu, yafaa tuanze na vipimo vilivyokuwako kabla yake.

Kwanza tuyasikilize maneno yenyewe. Katika unyago mwari hufundwa. Na kutoka katika neno hilo funda twapata funza, fundisha, mafunzo, mkufunzi, na mwanafunzi. Basi mwalimu wa leo asemapo “wanafunzi wangu,” atumia neno la ukoo mmoja na lile la kungwi. Lakini maneno ya kupima ni wageni. Mtihani ni neno la Kiarabu, na katika Kiswahili halikupoteza maana yake ya kwanza ya kujaribiwa kwa taabu. Aliyefiwa au kuunguliwa na nyumba huambiwa kwamba huo ni mtihani. Kuhitimu nako ni kwa Kiarabu, na kwetu kulikuwa kwanza kuimaliza Kurani. Cheti kimetoka Bara Hindi, na ripoti imetoka Uingereza. Twaona, basi, ya kuwa kufunza kulikuwa kwetu tangu asili, lakini kuandika kipimo cha aliyefunzwa kulikuja kwa njia ya bahari.

Si kwamba wazee hawakupima. Kwa Wayao kulikuwako lupanda, na pwani kulikuwako jando, na kwa wasichana unyago; na Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza mengi ya desturi za pwani katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Kila kabila lilikuwa na yake, na si makabila yote yaliyotahiri. Lakini palipokuwa na kumbi mambo matatu huonekana mara nyingi. La kwanza, walioingia ni wote wa rika, mwana wa jumbe na mwana wa maskini, mwepesi wa akili na mzito. La pili, mwari hakuangaliwa siku moja tu. Kungwi wake alikaa naye usiku na mchana, akaona kama ni mwoga, au mchoyo wa chakula, au mwenye kiburi mbele ya wakubwa. Na nyimbo alizofunzwa zilikuwa na maana iliyofichwa, ambayo aliulizwa hata akaijua. La tatu, alipotoka alitoka hadharani, kwa nguo mpya, na mahali pengi kwa jina jipya, na tangu siku ile aliketi penye wakubwa. Hakuna aliyetoka akaambiwa, “Wewe umekuwa wa mia mbili na kumi, rudi utotoni.”

Nisidhaniwe kwamba naisifu kumbi kupita kiasi. Mapigo yalikuwa makali, na kisu cha ngariba hakikuwa safi, na wako wari wasiorudi kwa mama zao. Msichana naye alitolewa unyagoni kwenda kuolewa, akiwa bado mdogo wa mwili, wala hakuulizwa shauri lake. Tena kumbi lilifunza yale yaliyokwisha kujulikana. Halikumwandaa mtu kwa jambo ambalo babu yake hakuliona. Ubora wake ulikuwa katika kupima tu: lilipima wote, kwa macho ya wengi, wala halikubakiza mtu nje.

Pwani kulikuwa na kipimo kingine pia, nacho ni chuo cha Kurani. Huko maendeleo ya mtoto yalihesabika kwa juzuu, nazo ni 30, na mzazi aliweza kuuliza, “Amefika wapi?” akajibiwa kwa hesabu. Mtoto alisoma mbele ya mwalimu wake kwa sauti, mmoja mmoja, naye hakuendelea mpaka alijue somo lake. Kipimo hiki kiko karibu zaidi na kidato; lakini aliyechelewa alichelewa tu, wala hapakuwa na siku moja ya kumkatia hukumu.

Sasa tuje kwa shule. Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya Tabora, kusudi lake la kwanza likiwa kuwasomesha wana wa machifu na wakuu, ili waje kutawala chini ya serikali. Twaweza kusema kwamba Tabora ilijua tangu mwanzo ni utu uzima wa namna gani iliowaandalia vijana wake: walikuwa wamekwisha kuzaliwa nao. Shule za bweni za namna hiyo zilifuata desturi ya Uingereza: kengele, gwaride, viranja wa kuwaangalia wadogo, rejista ya kila asubuhi, na ripoti kwa mzazi kila mwisho wa muhula. Katika ripoti mliandikwa alama za kila somo, na nafasi ya mwanafunzi kati ya wenzake, na chini yake neno fupi la mwalimu juu ya mwenendo. Msomaji aziangalie sehemu hizo mbili. Ile ya juu ni tarakimu, nayo yaweza kujumlishwa. Ile ya chini ni maneno, nayo haijumlishwi. Historia yote nitakayoieleza ni mashindano ya sehemu hizo mbili za karatasi moja.

Wako walioona mapema kwamba shule na kumbi vyafanya kazi inayofanana, wakajaribu kuvipatanisha. Huko Masasi, Vincent Lucas wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyekuja kuwa Askofu mwaka 1926, hakulikataza jando. Alilitengeneza upya, likawa na maombi, na padre akawa kati ya wakubwa wa kumbi. Na huko Malangali, katika nyanda za Iringa, W. Bryant Mumford alianza mwaka 1928 kuijenga shule juu ya maisha ya Wahehe na Wabena na Wasangu. Wazee waliitwa kuja shuleni kufundisha habari za kabila, na ngoma na kurusha mkuki vilikuwa na mahali pake karibu na kusoma na kuandika. Jaribio la Malangali halikudumu. Mwenye kulianzisha aliondoka, na wazazi wenyewe waliuliza kwa haki: ikiwa mwana wangu ataka kuwa karani, mkuki utamfaa nini? Maana kazi za mshahara zilitolewa kwa cheti, wala hapakuwa na cheti cha mkuki.

Kuna mtu mmoja ambaye mwili wake na karatasi zake zilibeba alama za pande zote mbili. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Meno yake yalichongwa kwa desturi ya kabila lake, na huo ulikuwa ushahidi ambao hata kaburini haufutiki. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, akafaulu, akaingia Tabora mwaka 1937, na mwaka 1943 akaenda Makerere. Kisha yeye mwenyewe akawa mwalimu, kwanza Tabora katika shule ya St Mary's, na baadaye, aliporudi kutoka Edinburgh, akafundisha Pugu hata mwaka 1955. Basi alipokuja kuandika juu ya elimu, aliandika kama mtu aliyekwisha kushika rejista na chaki.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa shule za sekondari walikuwa 11,832, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Hata mwaka 1967 watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio walioweza kupata nafasi ya sekondari. Hesabu hizo ndizo zilizomsukuma Nyerere kutoa, mwezi wa Machi mwaka ule, maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni mtoto alijifunza kwa kuishi na kutenda. Akasema kwamba mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaandika kwa saa iliyowekwa, lakini haupimi tabia ya mtu wala nia yake ya kuwatumikia wenzake. Tena alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, isiwe maandalio tu ya shule nyingine ambayo wengi hawataiona. Shule zikapata mashamba, na wanafunzi wakashika majembe.

Mwaka uliotangulia kulikuwa na jambo jingine. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba waliomaliza masomo ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kulipinga, na karibu 400 kati yao walirudishwa makwao. Jeshi hilo liliendelea kuwapokea wahitimu wa sekondari mpaka lilipositishwa kwao mwaka 1994, likarudishwa mwaka 2013. Mtu aliyeyajua mambo ya kumbi ataona mfano wake hapa: vijana wa rika moja, mbali na mama zao, katika taabu moja, wakiimba usiku na kulima mchana, na mwana wa waziri akiamka kwa filimbi ile ile inayomwamsha mwana wa mkulima. Lakini wote walioingia kambini walikuwa wamekwisha kuchujwa na mtihani, na hapo ndipo mfano unapokatika.

Mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania liliwekwa kwa sheria, baada ya nchi kuacha mitihani ya Cambridge na kutoka, mwaka 1971, katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, halmashauri ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa azimio ambalo kwa habari yetu ni kubwa kuliko yote. Iliagizwa kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu peke yake. Tangu mwaka 1976 kazi za kila siku darasani na mazoezi ya mwanafunzi zilihesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, nusu kwa nusu, na tabia yake na bidii yake katika kazi zikaandikwa. Na aliyetaka Chuo Kikuu aliambiwa aende kwanza akafanye kazi, kisha apate sifa njema kutoka kwa mkubwa wake wa kazi na kwa tawi la chama.

Msomaji aone ni nini kilichofanyika. Sehemu ya chini ya ripoti, ile ya maneno, ilipandishwa juu ikapewa nguvu. Jicho la kungwi lilirudishwa, likavikwa nguo ya serikali. Na mara yalionekana matatizo ambayo kumbi halikuyajua. Katika kumbi kungwi hakuwa na sababu ya kumpendelea mwari wake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi chache za kugombewa, wote wangetoka. Lakini hapa sifa njema ilikuwa ufunguo wa mlango mwembamba, na mwenye kuandika sifa alikuwa na mashemeji na majirani kama watu wote. Mwalimu mmoja alitoa alama kama mvua, mwingine kama umande, wala hakukuwa na mizani ya kuwalinganisha. Sharti la kufanya kazi kwanza lililegezwa baadaye, na wanawake walikuwa wa kwanza kulegezewa. Na uzito wa alama za maendeleo umebadilishwa zaidi ya mara moja. Jicho la mtu laona mengi, lakini likipewa nafasi chache za kugawa huingiwa na vumbi.

Kisha milango ilifunguliwa. Kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, watu wa vijijini walichanga mawe na mchanga, kila kata ikajenga shule yake. Kwa mara ya kwanza sekondari ilikaribia kuwa kama kumbi, yaani mahali pa rika zima. Lakini majengo yalitangulia walimu. Watoto waliofundishwa miaka saba kwa Kiswahili waliingia kidato cha kwanza wakafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza, na wengi wao walinakili ubaoni maneno wasiyoyajua. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalitetemesha nchi: katika watahiniwa karibu 400,000, takriban 6 katika kila 10 walipata divisheni 0. Serikali ilifuta matokeo yale, na mwezi wa Mei yakapangwa upya, na wengine wakapandishwa. Mzazi mkulima alikuwa na haki ya kustaajabu. Mwanawe alikuwa yule yule mwezi wa Februari na mwezi wa Mei. Kilichobadilika ni kipimo. Lakini kwa miezi ile mitatu kijana alikuwa ameitwa sifuri mbele ya kijiji chake, na wako ambao jina lile halikuwatoka.

Wasichana walikuwa na habari yao ya peke yao. Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shuleni. Unyagoni mwili uliokomaa ulikuwa sababu ya kumwingiza msichana katika mafunzo. Shuleni mwili huo huo ukawa sababu ya kumtoa. Hivyo utu uzima ulimpata kama adhabu. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitoa ruhusa kwamba waliojifungua warudi kuendelea na masomo, na kwa ruhusa hiyo mtu aweza kuwa mama na mwanafunzi pamoja, jambo ambalo kumbi na shule ya zamani zote mbili zingeona ajabu.

Jaribio la karibuni ni la mtaala mpya. Tangu Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, kijana ajifunze kazi ya mikono, kama vile ujenzi, kilimo au umeme, pamoja na masomo mengine, ili atakapotoka awe na jambo la kufanya. Mwenye kuikumbuka michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu iliyofuata Azimio la Musoma, na jembe la mwaka 1967, na mkuki wa Malangali, atajua kwamba swali ni lile lile la zamani. Na hofu ya mzazi nayo ni ile ile: je, mkondo huu ni njia, au ni mahali pa kuwaweka wasiochaguliwa?

Nafikia mwisho. Karibu miaka 100 ya habari hizi yatufundisha kwamba hakuna kipimo kimoja kitoshacho. Karatasi ya mtihani haina shemeji, nayo ni ngao ya mtoto wa maskini asiye na mtu wa kumsemea, lakini haioni. Jicho la mkubwa laona, lakini lina upendeleo. Hivyo haifai kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Kosa letu kubwa, nionavyo mimi, halikuwa katika namna ya kupima. Lilikuwa katika kuuunganisha utu uzima na kuchaguliwa, hata asiyechaguliwa akaonekana hakukua.

Kijana amalizapo kidato cha nne hupewa karatasi mbili. Moja hutoka Baraza la Mitihani, nayo ina tarakimu. Ya pili hutoka kwa mkuu wa shule, nayo yasema kwamba fulani alisoma hapa tangu mwaka fulani hata mwaka fulani, na tabia yake ilikuwa hivi. Watu huitazama ile ya kwanza tu. Ya pili hukunjwa ikawekwa sandukuni, na mara nyingi imeandikwa maneno yale yale kwa wote, “tabia njema,” bila mwandishi kuinua macho. Hata hivyo karatasi hiyo ya pili ndiyo masalio ya kinywa cha kungwi. Hupewa kila atokaye, aliyefaulu na asiyefaulu, nayo haina nafasi za kugombewa. Kama mwalimu aliyekaa na kijana miaka minne angeandika humo jambo moja la kweli alilolishuhudia, kwamba huyu aliwafundisha wenzake hesabu jioni, au huyu hakuiacha bustani ikauke wakati wa likizo, au huyu alimwuguza mgonjwa bwenini, karatasi ile isingempatia kazi serikalini. Lakini kijana angetoka shuleni akiwa na neno la mkubwa juu yake, kama wari walivyotoka, na angejua kwamba alionekana.